SOMO LA FIZIKIA: MWENDO WENYE MCHAPUKO SAWA, MICHORO YAKE, NA USALAMA WA MTEREMKONI

Kwa manufaa ya watumishi wa Serikali, madereva, wanafunzi, wazee wao na wananchi wote wa Unguja na Pemba, ukurasa huu unatoa somo juu ya mwendo wa vyombo vinavyoongeza au kupunguza kasi kwa kipimo kisichobadilika. Somo hili hufundishwa katika skuli za sekondari. Wengi waliolipitia hukumbuka herufi za kanuni zake, lakini maana ya herufi hizo imewatoka. Hasara yake haiishii katika chumba cha mtihani, kwani mwendo huo huo ndio unaotawala gari linaloteremka kilima na treni inayorudi nyuma mlimani.

Madhumuni ya somo ni matatu: kueleza mchapuko ni nini, kuonesha namna ya kuusoma katika michoro, na kubainisha jambo ambalo kila mwenye chombo hana budi kulijua, yaani kwa nini kasi ikiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama huongezeka mara nne.

1. Baiskeli ya Rungwe Mpya

Rungwe Mpya ni kata iliyomo katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, magharibi ya Tanzania Bara. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, ni za vilima na mabonde, na njia zake nyingi ni za udongo mwekundu. Wakulima wa huko hulima maharage, mahindi, muhogo na ndizi, na baiskeli ni miongoni mwa vyombo vinavyobeba mazao hayo. Mwenye baiskeli husukuma mzigo wake kwa jasho hadi kileleni, kisha hupanda na kuteremka upande wa pili bila ya kukanyaga pedeli. Mkaazi wa Pemba, kisiwa cha vilima vingi, haoni ugeni wowote katika picha hiyo.

Na ichukuliwe njia inayoshuka mita 1 kwa kila mita 14 za urefu wake. Mvutano wa dunia, ambao huongeza kasi ya kitu kinachoanguka wima kwa kiasi cha mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, huivuta baiskeli kuteremka kwa sehemu moja tu ya kumi na nne ya kiasi hicho, yaani 0.7. Msuguano wa magurudumu na njia mbovu huirudisha nyuma kwa kiasi cha 0.2. Kinachobaki ni 0.5. Baiskeli ikianza kutoka hali ya kusimama, na mwenyewe asishike breki, hali yake itakuwa hivi:

Sekunde 0: kasi 0, umbali mita 0
Sekunde 2: kasi mita 1 kwa sekunde, umbali mita 1
Sekunde 4: kasi mita 2 kwa sekunde, umbali mita 4
Sekunde 6: kasi mita 3 kwa sekunde, umbali mita 9
Sekunde 8: kasi mita 4 kwa sekunde, umbali mita 16
Sekunde 10: kasi mita 5 kwa sekunde, umbali mita 25

Jedwali hili lina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, kasi huongezeka kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde mbili, pasipo kupungua wala kuzidi. Pili, umbali haufuati mwenendo huo. Katika sekunde mbili za mwanzo baiskeli ilikwenda mita 1; katika mbili zilizofuata mita 3; kisha 5, kisha 7, kisha 9. Hizo ni namba witiri zikifuatana.

Siri hiyo ya namba witiri ilielezwa na Galileo Galilei wa Italia katika kitabu chake cha mwaka 1638, baada ya kufanya majaribio kwa kuviringisha tufe katika mfereji wa ubao ulioinamishwa. Lakini fikra yenyewe ilikuwa na wazee wake. Katika karne ya 12, mwanafalsafa Abu al-Barakat al-Baghdadi alikwisha kueleza kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa sababu msukumo juu yake hurundikana kidogo kidogo. Katika karne ya 14, wataalamu wa Oxford, Uingereza, waligundua kanuni ya kasi ya wastani, na Nicole Oresme wa Ufaransa akaichora kwa umbo la pembetatu.

2. Kibaba cha kila sekunde

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mchapuko sawa unafanana na mtu anayetia ghalani kibaba kimoja kila siku, asipitishe siku wala asizidishe. Kasi ni akiba iliyomo ghalani. Mchapuko ni kile kibaba kinachotiwa. Akiba inaweza kuwa kubwa ilhali kinachotiwa ni kidogo, na inaweza kuwa tupu kabisa ilhali kinachotiwa ni kingi. Kwa hivyo ni makosa kusema kwamba chombo chenye kasi kubwa lazima kina mchapuko mkubwa. Ndege iliyotulia angani kwa kasi moja, ijapokuwa ni ya mamia ya kilomita kwa saa, mchapuko wake ni sifuri.

Kipimo cha kasi ni mita kwa sekunde. Kipimo cha mchapuko ni mita kwa sekunde kwa kila sekunde. Neno "sekunde" hutajwa mara mbili, na halikurudiwa kwa bahati mbaya: la kwanza ni la kasi yenyewe, na la pili ni la muda ambao kasi hiyo imebadilika. Chombo kinapopunguza kasi, mchapuko wake huandikwa kwa alama ya kutoa, kama ghala linalochotwa kibaba kimoja kila siku.

3. Michoro mitatu ya mwendo mmoja

Mwendo wa baiskeli iliyotajwa unaweza kuchorwa kwa njia tatu. Katika michoro yote, muda huwekwa kwenye mhimili wa mlalo.

Mchoro wa mchapuko na muda. Kwa kuwa mchapuko haubadiliki, mchoro ni mstari wa mlalo ulionyooka, uliopita kwenye alama ya 0.5.

Mchoro wa kasi na muda. Huu ni mstari ulionyooka unaopanda, ukianzia sifuri na kufikia 5 katika sekunde ya 10. Mwinamo wake, yaani kupanda kwake kugawanywa kwa kwenda kwake mbele, ni 5 kugawa kwa 10, sawa na 0.5. Huo ndio mchapuko. Mstari ukiwa mkali zaidi, mchapuko ni mkubwa zaidi. Aidha, eneo lililo chini ya mstari huo ndio umbali uliokwendwa. Hapa eneo ni pembetatu yenye kitako cha 10 na kimo cha 5. Nusu ya 10 mara 5 ni 25, na ndiyo mita 25 zilizomo katika jedwali.

Mchoro wa umbali na muda. Huu si mstari ulionyooka. Huanza ukiwa karibu na mlalo, kisha hujipinda kwenda juu kadiri muda unavyosonga, kwa sababu kila sekunde mpya hubeba umbali mkubwa kuliko iliyotangulia. Mwinamo wake katika nukta yoyote ndio kasi ya wakati huo. Mwenye kutaka uthibitisho achukue sekunde ya 4 na ya 8. Umbali uliokwendwa baina yake ni 16 kutoa 4, yaani mita 12, kwa sekunde 4. Wastani wake ni mita 3 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ile ile iliyomo katika jedwali kwenye sekunde ya 6, ambayo ni katikati ya muda huo. Hiyo ndiyo kanuni ya kasi ya wastani iliyogunduliwa Oxford.

Ni vyema ikumbukwe hivi: kutoka mchoro wa umbali kwenda wa kasi, na kutoka wa kasi kwenda wa mchapuko, hutafutwa mwinamo, kurudi nyuma, hutafutwa eneo.

4. Makosa yanayotokea mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kuuchukulia mchoro kuwa ni picha ya njia. Mwanafunzi huona mstari wa kasi unapanda, akasema baiskeli inapanda kilima, hali ya kuwa baiskeli inateremka. Mchoro hauoneshi umbo la ardhi. Unaonesha namna kipimo kimoja kinavyobadilika muda unapopita.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mstari wa mlalo maana yake ni kusimama. Katika mchoro wa umbali, ndiyo, mstari wa mlalo ni chombo kilichosimama. Katika mchoro wa kasi, mstari wa mlalo ni chombo kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika. Kwa hivyo, kabla ya kutoa jawabu lolote, msomaji hana budi kwanza asome kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima.

Kosa la tatu ndilo la hatari zaidi: kudhani kwamba kasi ikiwa sifuri, basi na mchapuko ni sifuri. Kosa hili linaelezwa peke yake hapa chini.

5. Chombo kinaposimama mlimani

Na ichukuliwe lori linalopanda mlima ulioinuka mita 1 kwa kila mita 16, likiwa na kasi ya mita 12 kwa sekunde. Injini inazimika na breki hazishiki. Msuguano ukiachwa kando ili hesabu iwe nyepesi, lori litapoteza kiasi cha mita 0.6 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde 20 kasi yake ni sifuri, nalo limepanda mita 120.

Mtazamaji aliye kando ya njia ataliona limesimama. Lakini mchoro wa kasi unasema jambo jingine. Mstari wake unateremka kutoka 12 hadi sifuri, na hapo haukatiki wala haujipindi. Unaukata mhimili wa muda na kuendelea chini yake kwa mwinamo ule ule, kwa kuwa mvutano wa dunia haukupumzika hata kidogo. Katika sekunde ya 40 kasi ni 12 yenye alama ya kutoa, maana yake lori limerudi pale pale lilipozimikia, likiwa na kasi ile ile, lakini linakwenda kinyumenyume. Kasi hiyo ni kiasi cha kilomita 43 kwa saa.

Eneo lililo juu ya mhimili ni mita 120 za kupanda, na lililo chini ni mita 120 za kushuka. Yakitolewa moja kwa jingine, jawabu ni sifuri: lori liko mahali lilipoanzia. Yakijumlishwa, lori limekwenda mita 240. Mtahini huweza kuuliza lolote kati ya hayo mawili, na mwanafunzi apambanue.

Funzo kwa madereva na utingo ni kwamba ile sekunde moja ambayo chombo kimesimama mlimani si utulivu. Kabari haina budi kuwekwa nyuma ya magurudumu papo hapo, kabla mstari haujazama chini ya mhimili.

6. Igandu, tarehe 24 Juni, 2002

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa njia za wananchi wa nyanda za Kasulu na Kibondo wanaosafiri kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Katika reli hiyo hiyo, karibu na Igandu, Mkoa wa Dodoma, tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,000 ilishindwa kuendelea kupanda mlima. Ilirudi kinyumenyume ikiongeza kasi, hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walipoteza maisha. Ajali hiyo ni miongoni mwa ajali kubwa kabisa za reli katika historia ya Afrika.

Takwimu zifuatazo si za treni ile. Ni za mfano, zimewekwa ili msomaji aone namna kasi inavyolimbikizana. Reli inayoshuka mita 1 kwa kila mita 50 huonekana kwa macho kama tambarare. Magurudumu ya chuma juu ya reli yana msuguano mdogo sana, na mchapuko unaweza kukadiriwa kuwa 0.15 tu, chini ya theluthi moja ya ule wa baiskeli ya Rungwe Mpya. Behewa lisilo na breki litakuwa hivi:

Baada ya dakika 1: kilomita 32 kwa saa, mita 270 zimekwendwa
Baada ya dakika 2: kilomita 65 kwa saa, mita 1,080 zimekwendwa
Baada ya dakika 3: kilomita 97 kwa saa, mita 2,430 zimekwendwa

Katika nusu dakika ya mwanzo mtu mzima anaweza bado kuruka au kutia kabari. Baada ya dakika tatu hakuna mkono wa binaadamu unaoweza kufanya lolote. Mchapuko mdogo ukipewa muda mrefu huzaa kasi kubwa. Hii ndiyo maana ya haba na haba, ila mara hii kibaba kinachojazwa ni cha msiba.

7. Kanuni na matumizi yake

Ikiwa u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, a mchapuko, t muda na s umbali, kanuni ni hizi:

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Ya kwanza ni ule mstari wa mchoro wa kasi. Ya pili ni eneo lililo chini yake: ut ni mstatili, na ½at² ni pembetatu iliyokaa juu ya mstatili huo. Ya tatu hupatikana kwa kuondoa muda katika mbili za kwanza, nayo ndiyo kanuni ya breki.

Chombo kikisimama, v ni sifuri, na masafa ya breki huwa ni u² kugawanywa kwa mara mbili ya mpunguo wa kasi. Baiskeli yenye mzigo, ambayo breki zake mteremkoni zinaweza kuipunguzia mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, ikiwa na kasi ya mita 5 itahitaji mita 12.5 kusimama. Ikiachwa hadi kufikia mita 10 kwa sekunde, itahitaji mita 50. Kasi imezidi mara mbili, masafa mara nne. Mvua ikinyesha na mpunguo huo wa kasi ukawa nusu yake, mita 50 huwa 100.

Kwa gari katika barabara kavu ya lami, mpunguo wa kasi wa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde ni makadirio ya kufaa. Dereva naye huchukua kiasi cha sekunde 1 baina ya kuona na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari huendelea na kasi yake kamili. Jumla ya masafa ni hivi:

Kilomita 50 kwa saa: mita 33
Kilomita 80 kwa saa: mita 72
Kilomita 100 kwa saa: mita 105

Mtoto anayevuka njia mita 40 mbele ya gari atasalimika kwa kasi ya kwanza. Kwa kasi ya pili, hesabu haimpi nafasi. Ni kwa sababu hiyo sheria ya usalama barabarani ya Tanzania Bara imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makaazi.

Ieleweke kwamba kanuni hizi ni sahihi pale tu mchapuko usipobadilika. Upepo huzuia zaidi kadiri kasi inavyokua, na mteremko wa kweli haunyooki kama rula. Hata hivyo, kwa sekunde chache za mwanzo na kwa hesabu za breki, makadirio yake yanatosha kumwongoza mtu.

8. Mazoezi

(a) Daladala linaondoka kituoni na kufikia kasi ya mita 12 kwa sekunde baada ya sekunde 8. Tafuta mchapuko na umbali.

(b) Gari linakwenda kwa mita 15 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 10, kisha linapunguza kasi sawasawa na kusimama baada ya sekunde 5 nyengine. Chora mchoro wa kasi na muda, kisha tafuta umbali wote.

(c) Kijiwe kimeangushwa kisimani kikafika majini baada ya sekunde 2. Kisima kina kina gani mpaka majini?

Majibu: (a) Mchapuko ni 1.5, umbali ni mita 48. (b) Mstatili wa mita 150 na pembetatu ya mita 37.5, jumla mita 187.5. (c) Mita 19.6.

9. Nasaha

Walimu wanashauriwa kuwatoa wanafunzi darasani na kulifanya jaribio la baiskeli kwa vitendo, katika njia isiyopitiwa na magari, kwa saa ya mkononi na alama za chokaa. Mpanda baiskeli awe mtu mzima, na breki zikaguliwe kwanza. Wakuu wa idara zenye magari wanakumbushwa kwamba breki hukaguliwa kabla ya safari, na kwamba dereva huingia gia ndogo akiwa bado juu ya kilima, kwani ule muda wa juu, ambapo kasi ni ndogo, ndio pekee ambao chombo bado kinatii. Kuteremka gari likiwa limetolewa katika gia ili kuokoa mafuta ni kuuachia mteremko uendeshe.

Mwenda pole hajikwai, na mchoro umeonesha sababu yake.